Omena ya Wilkister Hukaguliwa na Nzi

Wilkister anauza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, katika soko la Ruiru, na hamwamini mtu yeyote kama anavyowaamini nzi. Gunia likifika analifungua mdomo, anakunja mikono, anangoja. Nzi wakitua, ananunua. Wasipotua, anajua kuna mjanja huko njiani aliyeinyunyizia omena dawa ya kuua wadudu wa nyanya ili isiharibiwe. Shida ni wateja, ambao hupenda meza isiyo na nzi, eti ndiyo safi. Wilkister huwaambia hata choo kikimwagiwa dawa hukosa nzi, na bado hakuna anayekilamba.

Jumamosi moja ya Julai, baridi ilikuwa mbaya hadi nzi wote wa Ruiru wakagoma. Muema, kijana anayemletea mzigo, alifungua gunia na hakuna hata mmoja aliyejitokeza. Meza ilikuwa tupu, na Ajwang alikuwa amesimama hapo na mkebe wake, akitaka omena ya kusaga na unga wa uji wa mtoto wake anayeanza kula. Ajwang akikasirika, ploti nzima inahama naye. Wapangaji wenzake humfuata kwa kila kitu, hata kwa kinyozi.

Muema alisema ni baridi tu, na kweli ilikuwa baridi. Wilkister alinusa gunia, akapata samaki, dizeli na kwapa la Muema. Mkono ulikuwa ushaingia kwenye pochi alipokumbuka kwamba kijana huyu hutafuna omena kama njugu kila akishusha mzigo. Leo mdomo wake ulikuwa umetulia sana.

"Tafuna kidogo, Muema."

"Leo nimefunga, mathe."

Mkononi alikuwa na nusu mandazi.

Wilkister akafunga gunia. Ajwang alijaribu kumtetea Muema, akasema ataiosha kwa maji moto na mambo yaishe. Wilkister akamwambia afisa wa afya alikuja hapa sokoni akasema kuosha hakutoi dawa yote, na kwamba mwili wa mtoto ni mdogo, unaumia haraka kuliko wa mtu mzima.

Muema akabeba gunia hadi meza ya pili, kwa Gachau, ambaye hakuuliza swali lolote. Punde omena ikawa imepangwa pale, inang'aa kama imepakwa mafuta. Ajwang aliitazama sana.

"Sasa Mama Ouma," akamwuliza Wilkister, "mtoto atakunywa uji wa nini?"

"Njugu. Enda ununue kwa Waithira."

"Na wewe utauza nini?"

"Usingizi."

Wilkister akapanda juu ya meza yake, pale pale panapolala samaki, akajifunika leso hadi kichwani. Lakini aliacha jicho moja nje. Ajwang akafyonya, akafunika mkebe wake. Halafu akampita Gachau bila kusimama, akamwinulia tu mkono wa salamu, akaelekea kwa Waithira.