Baba Rehema alipofungua mapazia

Jamani, video niliyopiga leo sijui niifanye nini.

Tulikuwa Bigwa, nyumbani kwa akina Rehema, mwimbaji niliyekuwa nampigia video. Wimbo wake ni wa kumuaga mama yake, aliyefariki mwaka jana.

Tukapigia chumbani kwa marehemu. Nikafunga mapazia, nikaacha taa moja ubavuni ili nusu ya uso ibaki gizani, kamera inamsogelea taratibu. Ukipiga hivyo, watu wanalia. Ndiyo kazi yangu.

Rehema akaimba vizuri, ila macho makavu.

Mara baba yake akaingia. Mzee siku hizi anasahausahau.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mmefunga mapazia? Mama Rehema hapendi giza."

Akayafungua yote. Jua likajaa chumbani.

"Kwani yuko wapi?" akamuuliza binti yake.

Rehema akanitazama, kana kwamba ninalo la kumsaidia.

"Ameenda sokoni, baba."

Mzee akakaa kitandani amsubiri. Rehema akakaa karibu naye, machozi yanamtiririka kwenye mwanga wote ule, na kamera bado inarekodi.

Rehema ananiambia niitumie video hiyo nikitaka. Mimi hata kuifungua nimeshindwa.

Ingekuwa wewe, ungefanyaje?