Gauni Lililotembea hadi Kiringye

Mtu akiingia kwa Mama Émérance pale Kasenga, mjini Uvira, kabla hajaambiwa karibu aligeuzwa. Mama Émérance alimshika mabega, akamzungusha, akamtazama mgongo kuanzia shingoni hadi kwenye pindo, ndipo akamsalimu. Aliwafanyia hivyo wasichana waliokuja kupimwa, na aliwafanyia pia watu wasiokuwa na haja yoyote na cherehani yake: muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, katekista, hata karani aliyekuja kudai kodi ya baiskeli.

"Uso wa bibi arusi unaonwa na padri," alikuwa akisema. "Siye wengine tunakaa nyuma, tunaangalia mugongo saa nzima."

Gloriose aliijua migongo ya maarusi kuliko msichana mwingine yeyote wa Kasenga. Tangu utotoni alikuwa ndiye anayeshika mkia wa gauni. Mama Émérance alimchagua kwa sababu hakuwa na haraka na hakupenda kutazamwa. Harusi baada ya harusi alitembea nyuma ya wengine, nyuma ya dada yake Marie-Jeanne, nyuma ya jirani yao Mukamusoni, macho yake yakiwa kwenye mstari wa vifungo vidogo vyeupe. Na gauni lilikuwa ni lile lile. Kasenga nzima ilikuwa na gauni moja la harusi, na lilikuwa la Mama Émérance.

Bibi yake Gloriose aliolewa kwa nguo ya gome la mti, iliyopondwa mpaka ikalainika. Mama yake aliolewa kwa marikani iliyofungwa begani, na hadi anakufa alisema hakuna kilichowahi kumpendeza zaidi. Gauni lilikuja na masista, waliowakusanya wanawake alasiri na kuwafundisha kushona. Mama Émérance alijifunza kwao mishono, lakini mtindo aliupata kwenye kalenda iliyotundikwa katika duka la Mgiriki karibu na bandari ya Kalundu: mwanamke wa Ulaya, kiuno chembamba, sketi pana kama kengele. Alinunua satini kidogo kidogo, na kila alipokwenda kununua aliitazama kalenda tena, mpaka Mgiriki akamuuliza kama anamtafuta ndugu yake mle ndani.

Ili sketi isimame, aliitia sketi ya ndani uwanga wa muhogo. Ilisimama vizuri sana, ila mbuzi waliipenda. Harusi moja ya Sange ilichelewa kwa sababu beberu wa bwana arusi alikuwa ameshaanza kula pindo.

Mwanzoni gauni lilikuwa na mikono mirefu na shingo iliyofunga, kwa kuwa padri hakutaka kuona bega kanisani. Kisha ukaja mwaka wa uhuru. Msichana mmoja akasimama mlangoni, akageuzwa, na alipogeuzwa tena akasema, "Mama, inchi imejitawala. Na mikono yangu, je?"

Mama Émérance alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hiyo aliifumua mikono begani, lakini hakuitupa. Alitia kulabu ndogo, ikawa mikono ya kuvaa na kuvua. Wakatoliki wa Kasenga walikwenda kanisani mikono wazi. Waprotestanti walioshuka kutoka milima ya juu, watu wa ng'ombe, wenye aibu na ukimya, walirudishiwa mikono na kufungwa shingo mpaka kidevuni. "Robe ni moja," alisema Mama Émérance, akilipapasa gauni. "Mikono ni ya kanisa."

Zamu ya Gloriose ilifika mwaka wa sitini na nne, na waasi nao wakafika. Walikuwa vijana wa bonde la Ruzizi, wengi wao wakiwa na mikuki, walioogeshwa dawa waliyoiita maji, ya kugeuza risasi kuwa maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko yake: asishike mwanamke, asishike kitu cha mwanamke, asigeuke nyuma. Tena hawakupenda chochote kilichonuka Uzungu. Karani mmoja wa Kasenga aliivua tai yake mwenyewe, akaifungia mbuzi.

Mchumba wa Gloriose, Kizito, mkulima wa mpunga kule Kiringye, alituma habari: Abbé Félicien atawafungisha ndoa Jumamosi, kisha atavuka mto kwenda Burundi. Baada yake hakuna ajuaye padri mwingine atatoka wapi.

"Nenda na kitenge," shangazi yake Félicité alimwambia. "Unaolewa weye, haiolewe nguo."

Gloriose alijua shangazi anasema kweli. Gauni huvaliwa siku moja, na vita havikuwa na habari na siku ya mtu. Hata hivyo alisema, "Shangazi, nimeishika nyuma tangu niko mutoto. Siku moja tu nataka minye niwe mbele."

Mama Émérance, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alikuwa tayari ameshalikunja gauni ndani ya beseni.

Walikwenda kwa miguu, wao wawili, beseni kichwani kwa Mama Émérance. Walilala njiani kwa watu, na asubuhi ya Jumamosi, wakiikaribia Sange, wakakuta mti umelazwa barabarani. Kizuizi. Mkubwa wa waasi waliokilinda alikuwa kijana mwenye kipande cha ngozi ya chui kichwani na shati lililopasuka.

"Iko nini mu beseni?"

"Robe ya arusi, mwana yangu."

"Nguo ya Wazungu!" Kijana alipiga mkuki chini. "Wazungu wameenda, manguo yao inabaki? Tutaichoma. Nyiye mupite, robe inabaki."

Gloriose alifungua mdomo aseme basi, chukueni, nipite tu nikaolewe.

Mama Émérance alimwahi, akatua beseni bila haraka. "Sawa, komanda. Ichome. Lakini uitoe weye mwenyewe, minye mikono imechoka." Akalikunjua gauni, akalishika mabegani, akalinyoosha kuelekea kifuani kwa kijana. "Shika. Apa ndani aliolewa Mukamusoni, akazaa mapacha. Apa aliolewa Marie-Jeanne. Angalia mu kwapa, jasho yao iko pale, tangu Pasaka sijaifua. Shika basi!"

Komanda alirudi hatua moja. Nyuma yake vijana wakaanza kuguna.

"Komanda, maji! Maji yetu itaharibika!"

"Gakunzi, shika weye," komanda alimwambia mmoja wao.

"Minye? Minye nimeogeshwa jana tu! Shika weye mwenye unasema."

"Tutaisukuma na mukuki," alisema komanda.

"Na mukuki utaushika na nini kisha?" Mama Émérance alisogea mbele, gauni likimtangulia. "Na mukiichoma, moshi itaenda wapi? Upepo unatoka ku ziwa. Itawaingia wote mu pua."

Wote walitazama upande wa ziwa, kisha wakatazamana. Mmoja alikuwa ameshajifunika pua.

"Geuka, mwana yangu," Mama Émérance alisema kwa sauti ya nyumbani. "Nione hiyo shati inapasukia wapi."

"Siye hatugeuke!"

"Ndiyo maana imepasuka namuna hii."

Kijana mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Komanda alionyesha njia kwa mkuki, mkono wake ukiwa umenyooka kadiri ulivyoweza. "Pita! Pitisha hiyo kitu mbali!"

Walipopita mti ule, Gloriose alitaka kukimbia. Mama Émérance akamkamata mkono. "Vizuizi viko vingine mbele. Vaa."

"Apa? Ku barabara?"

"Apa."

Alimvisha nyuma ya mashina ya muhogo, vifungo vyote, na Gloriose akaingia Sange akiwa bibi arusi saa za soko. Wanawake waliacha mafungu ya mchele wakapiga vigelegele. Vijana wenye mikuki walisimama kwenye kizuizi cha pili, wakaona lile gauni linakuja, jeupe, pana kama barabara, wakajitenga pande zote mbili. Na nyuma, akishika mkia kwa mikono miwili, akiwa ameinama kidogo, alitembea Mama Émérance, mwanamke mnene wa makamo, akitokwa jasho na kutabasamu. Gloriose hakuwahi kujua kuwa barabara ni kubwa kiasi kile ukiwa mbele.

Walifika Kiringye gauni likiwa jeupe hadi magotini, na chini ya hapo rangi ya bonde. Abbé Félicien alitazama lile pindo, akatazama saa yake, akafungua kitabu. Kizito alicheka wakati wote wa ahadi, mpaka padri akamuuliza kama amekubali au anacheka tu.

"Vyote, Abbé."

Sherehe ilikuwa bado kwenye wali wakati habari zilipofika kwamba jeshi la serikali linashuka kutoka Bukavu. Njia ya kurudi Uvira ilikuwa imekatika. Mama Émérance alikuwa na binti aliyeishi Buyenzi, mjini Bujumbura, akaamua kuvuka Ruzizi pamoja na padri. Gloriose alilivua gauni, akalikunja kama alivyofundishwa, akamkimbilia hadi mtoni nalo.

Mama Émérance alikuwa na mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Alilitazama, akaweka kiganja juu ya satini, akakiondoa. Akatoa kwenye kifua chake kifurushi kidogo, mikono miwili mirefu yenye kulabu, akakiweka juu ya gauni mikononi mwa Gloriose.

Hakurudi. Aliendelea kushona kule Buyenzi, akazikwa huko huko kabla njia hazijatulia. Lakini miaka mingi wasichana wa bonde walikwenda kanisani na gauni la Kiringye, na wale wa milima ya juu pia, kila mmoja na mikono ya kanisa lake, na Gloriose akawapima wote, maana mtumbwi ulipoanza kuondoka Mama Émérance aligeuka akampigia kelele juu ya maji:

"Mwenye atakuya kuiomba, usimuulize iko wa kabila gani! Pima kiuno tu!"