Mlango wa Pili wa Jumba la Maigizo

Jumba la maigizo la pale bomani, kando ya ziwa, tumelijenga sisi wanawake. Udongo wa matofali tuliukanyaga kwa miguu yetu, maji tuliyabeba kichwani kutoka ziwani. Kuta zilipofika kiunoni ndipo nikaona mlango ni mmoja tu.

Kwetu mke wa mtu hakutani na baba mkwe. Akimsikia anakohoa njiani, anajitupa migombani mpaka mzee apite. Sasa mlango mmoja, tutaingiaje?

Nikamfuata msimamizi wa ujenzi, mtu wa pwani aliyeletwa na Wajerumani. "Baba, tuachie mlango mwingine huku nyuma. Kazi ya asubuhi moja."

Akacheka. "Mama, unataka mlango wako kama malkia? Si Mkristo wewe? Si unasoma shule ya jioni? Acha ushenzi."

"Nasoma, ndiyo. Nimesoma waheshimu baba yako na mama yako. Wewe amri ya kumdharau mkwe umeisoma wapi?"

Wenzangu wakapiga vigelegele. Yeye akaamuru ukuta upandishwe.

Siku ya kwanza waliigiza kuzaliwa kwa Bwana Yesu. Malaika alikuwa binti yangu, aliimba peke yake. Baba mkwe wangu, aliyetoa mianzi yote ya paa, walimkalisha mbele. Mimi nikabaki nje, sikio ukutani, kwenye ukuta nilioukandika mwenyewe! Mara nasikia kikohozi mlangoni. Mzee anatoka, kajifunika shuka kichwani, ili mimi niingie. Nikajibanza mpaka akapita, nikakimbia ndani. Watu walishasimama kuondoka.

"Mama, umeniona?"

"Nimekusikia, mwanangu."

Mzee alifariki kabla ya vita ya Wazungu. Vita ilipofika, jumba likawa ghala la mpunga ambao Wajerumani walitunyang'anya vijijini huku Bujonde na Makwale. Wapagazi wakasongamana mlangoni na magunia, ofisa wao akafoka. Msimamizi yuleyule akaja mbio na sururu, akatoboa ukuta wa nyuma, palepale nilipomwonyesha. Jua halijafika utosini, mlango wazi.

Nikamsogelea. "Baba, kumbe gunia nalo lina mkwe?"

Akainamia sururu yake, akaendelea kusawazisha kingo za mlango.

Nikaokota matofali matatu kwenye kifusi, nikajitwisha mpaka nyumbani. Ndiyo mafiga yangu. Kila nikiwasha moto nasali kwanza nisimlaani yule mtu, halafu ndiyo napika.