Chujio Ndani ya Bomba la Moshi

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kambi ya barabara, upande wa Muleba. Tulikuwa na greda moja tu iliyokuwa inatembea, na hiyo ilikuwa imepita kwenye vita vya mpakani, miaka kama kumi nyuma. Dereva wake alikuwa mtu wa makamo kutoka Kagoma, mpole, mzee wa kanisa la Kilutheri kijijini kwao. Mwaka ule alianza kukohoa na kukonda.

Siku hizo kwetu hakuna aliyeamini kikohozi cha kawaida. Kila kijiji kilikuwa na makaburi mapya migombani, ya waliokufa kwa ukimwi, na dereva mwenyewe alikuwa ametoka kumzika mdogo wake. Mama aliyetupikia kambini akamtengea sahani na kikombe. Sisi wengine tulijifanya hatuoni. Na mimi nilikuwemo.

Kilichonifanya nianze kujiuliza ni jambo dogo. Jumapili jioni, akirudi kutoka kwao, alikuwa hakohoi. Jumatatu jioni kikohozi kilikuwa kimerudi. Nikaangalia wiki iliyofuata, ikawa vilevile.

"Ukiwa nyumbani kifua kinakusumbua?" nikamuuliza.

"Kidogo tu. Nikikaa kwenye mtambo ndipo kinabana, na kichwa kinauma. Lakini waitu, ndugu yangu, hujasikia wanavyosema?"

"Nimesikia. Kesho naomba nipande na wewe."

Kesho yake ilinyesha. Alikuwa ameziba kibanda chake kwa turubai, tukajibana humo wawili. Hatujafika mlimani, macho yakaanza kuniwasha. Greda ilipanda kwa shida, injini ikiunguruma kama imekabwa. Udhaifu huo tulishauzoea, tukiusingizia pampu ya dizeli. Lakini siku ile nilitoa kichwa nje nikatazama bomba la juu. Moshi uliotoka pale ulikuwa haba mno kwa injini iliyolemewa namna ile. Sasa mwingine ulikuwa unakwenda wapi?

Asubuhi nikawasha injini, nikalowesha kitambaa cheupe na kukipitisha polepole kwenye kila kiungo cha bomba. Nyuma tu ya kiti cha dereva kitambaa kikatoka na mstari mweusi. Gasketi, ile pete ya kuzibia kiungo, ilikuwa imepasuka, na turubai lilikuwa likimfungia moshi humo ndani.

Ningeweza kubadilisha gasketi na kuishia hapo. Ila gasketi haipasuki bure. Kuna kitu kilikuwa kinausukuma moshi urudi nyuma. Nikafungua mafla, lile kopo la bomba linalopunguza mlio wa injini. Ndani nikakuta wavu wa chuma uliokunjwa mara nyingi, umejaa masizi magumu kama ya chini ya chungu. Nilipekua kitabu cha mtambo mara mbili. Wavu ule haukuwemo.

Nilipokwenda Bukoba kutafuta gasketi, nikaenda kumuuliza mzee mmoja mchomeleaji aliyewahi kufanya kazi na mitambo yetu.

"Ule niliuweka mimi, wakati wa vita," akasema. "Greda ilikuwa inalima barabara karibu na mapipa ya mafuta. Tuliogopa cheche. Niliwaambia wausafishe kila baada ya wiki mbili."

"Uliwaambia akina nani?"

Akafikiri. "Wote wameshakufa, au wamehama."

Akanieleza namna ya kuusafisha. Niliporudi tuliuweka juu ya mkaa, mbali na mabanda, tukasimama upande upepo unakotoka. Masizi yakashika moto yenyewe, yakawa mekundu, yakaungua taratibu bila mwali. Dereva alichuchumaa akitazama, kitambaa puani.

"Kumbe moshi nao unaungua," akasema.

Ulipopoa nikausugua kwa brashi ya waya, nikaushika juu, na mwanga ukapita. Nilitaka kuutupa. Yeye akakataa, maana tulikuwa tunapita karibu na nyumba za nyasi. Tukaurudisha, tukafunga na gasketi mpya, na usafi wa wavu akauchukua yeye, kila Jumamosi ya pili. Greda ikapanda mlima hadi juu bila kubadilisha gia.

Kikohozi hakikuisha siku moja. Kilichukua karibu mwezi, na mwili ukarudi taratibu. Mchana mmoja mama mpishi alipakua ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwenye sinia la wote, na sahani ya pembeni haikuwepo. Akamwambia, "Karibu, baba, chakula kinapoa."

Dereva hakuketi. Kisha akaomba apewe sahani yake, akaenda kula chini ya kivuli cha greda, kama alivyozoea. Mama yule alimpelekea mwenyewe, akakaa naye hadi akamaliza. Siku ya tatu alikuja siniani. Nikasogea kumpa nafasi. Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa pa kuanzia, nikamuuliza tu habari za mtambo.

"Unapumua," akanijibu, akanawa mikono.