Mgeni wa Kapteni kutoka Makunduchi

Mwezi uliopita nilirudi Bububu kwa maziko ya Kapteni, jirani yetu wa zamani. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki ndani na misahafu yetu, na baada ya muda zikalia zile risasi za heshima wanazopigiwa wanajeshi. Watoto walicheka kwa mshtuko. Mie nilijikuta nimeshika ukuta. Ngoja nikwambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, nakaa na bibi yangu, na vita vya Uganda vilikuwa havijatimiza miaka mitano tangu kumalizika. Kapteni alikaa nyumba ya pili, peke yake, hajaoa bado. Mtaa mzima ulijua habari zake: kwamba kikosi chake kilipopigwa mizinga katikati ya shamba la migomba, alirudi mara tatu kwenye moto ule, na kila mara akatoka na askari mgongoni. Akavishwa nishani. Kila Ijumaa bibi akimpikia muhogo wa nazi, na mpelekaji ni mie, bakuli nimelifunika kwa kawa, mvuke wa nazi unanipanda puani.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie bibi ahsante."

Basi, hakuna zaidi. Lakini nyuma ya nyumba zetu nako kulikuwa na migomba, na njia fupi ya msikitini ilipita humo humo. Kapteni hakuipita hata siku moja. Jua kali, mvua kubwa, atazunguka barabarani. Upepo ukivuma, majani makavu yakianza kuchakarika, utasikia anafunga madirisha, moja baada ya moja. Nikimuuliza bibi, husema, "Mwache. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Siku moja baada ya alasiri, napepeta mchele barazani, akaja mama mmoja kutoka Makunduchi, miguu imejaa vumbi, mkononi kikapu cha ukili. Alikuwa akitafuta nyumba ya afisa aliyekuwa na mwanawe vitani. Mwanawe hakurudi, iliyorudi ni barua. Bibi akaniambia nimpeleke.

Kapteni alipojua huyu ni mama wa nani, hata karibu hakusema. Alikaa chini pale pale kizingitini.

"Nambie alivyokufa," mama akasema. "Barua imesema alikufa papo hapo."

Ningekuwa mie, ningesema ndiyo.

"Hakufa papo hapo, mama," Kapteni akasema. "Walikuwa wanne. Niliwatoa watatu. Mara ya nne niliinuka, miguu ikanikatalia. Nlikuwa namsikia."

"Akisema nini?"

"Akiniita mimi."

Mama hakulia. Kapteni akaingia ndani, akatoka na nishani aliyoifunga kitambaani, akamnyooshea kwa mikono miwili. Yule mama aliitazama kidogo.

"Chuma hicho, ntakipika?" akasema, akaokota kikapu chake.

Nilimrudisha kwa bibi. Hata maji hakunywa. Alimshika bibi mkono, akasema, "Miaka yote hii nlikuwa nalala. Bora asingelinambia." Ijumaa iliyofuata bibi alipika muhogo kama kawaida. Bakuli lilirudi halikuguswa.

Bibi hayupo tena, na nyumba yake imeuzwa. Yule mama nilimuulizia. Nikaambiwa alikufa zamani, hakuacha mtoto mwengine. Na siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka, afisa mmoja kijana alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti safi. Alieleza ushujaa wake, akataja majina ya wale watatu. Mmoja wao alikuwapo, mzee wa mkongojo, akilia kama mtoto. Nilingoja jina la nne. Afisa akakunja karatasi.

Jina hilo nalijua. Mama yule alinitajia njiani, pamoja na lile la utani alilomwita mwanawe alipokuwa mdogo. Nilitaka kusimama nilitaje, sikusimama. Mbele ya watoto wa Kapteni, ningeanzia wapi? Sasa sidhani kama yuko mwengine anayeyajua yote mawili. Siku nyengine, nikiwa jikoni peke yangu, huyatamka kwa sauti, kisha natega sikio, kama mtu aliyepiga hodi nyumba ya watu na anasubiri kuitikiwa.