Vipimajoto Sita na Miguu Arobaini

Walimwita Desimali tangu chuo kikuu, alikosomea fizikia, kwa kuwa hakuwahi kuridhika na jibu la namba nzima. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, akitengeneza mizani katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na asubuhi hiyo alikuwa amekaa mbele ya karatasi tatu za maelezo ya chipu, hajui ashike lipi aache lipi.

Kisa chenyewe kilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga aliyomuundia shangazi yake. Ilikuwa na kipimajoto kimoja tu, karibu na mlango, nacho kilisoma vizuri siku zote ishirini na moja. Hata hivyo nusu ya mayai yaliharibika. Shangazi hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, Jumamosi ijayo naleta mengine. Na hayo yakiharibika, mashine yako nitaifanya kabati la vyombo." Afadhali angemtukana.

Desimali aliamua kuweka vipimajoto sita, vya aina inayotoa volti kadiri ya joto, pamoja na chipu ya kuvisoma vyote. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma. Chipu ya karatasi ya kwanza ilikuwa na miguu ya chuma ishirini na minane, lakini miguu iliyoweza kugeuza volti kuwa namba ilikuwa sita tu, na miwili kati ya hiyo ndiyo iliyohitajika kuongea na skrini. Aliihesabu mara nne, kana kwamba mingine ingeota. Ya pili ilikuwa na miguu arobaini, minane ya kusomea, ila iligawanya volti tano katika hatua elfu moja na ishirini na nne, kila hatua karibu nusu digrii, ilhali yeye alitaka sehemu ya kumi. Ya tatu iligawanya mara nne zaidi, ikamteka moyo; lakini ilikuwa ndogo kama ukucha, na miguu yake imebanana hivi kwamba hata kwa miwani aliona mstari mmoja.

Muuza vipuri akapiga simu. "Desimali, gari la mizigo linaondoka saa sita. Nikufungie ipi?"

"Nipe dakika kumi."

"Kumi uliniomba jana."

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akikata kitambaa kwenye meza ya pili. "Baba watoto, hicho kipimajoto kinatoa volti ngapi?"

"Hazizidi nusu, hata kwenye digrii hamsini."

"Na nimekusikia unagawanya tano."

"Chipu inapima hadi tano."

"Basi unapima kiuno cha mtoto kwa kamba ya uwanja. Hakuna fupi?"

Alitaka kumweleza kwamba mambo si mepesi hivyo, lakini akaivuta karatasi ya pili. Alirudi kwenye maelezo ya chipu ya pili, ukurasa aliokuwa akiuruka: kikomo cha kipimo kiliweza kushushwa hadi volti moja na kidogo. Hatua zilikuwa zile zile, lakini sasa kila moja ilikuwa kama sehemu ya kumi ya digrii. Aliona aibu, kisha akaitilia shaka aibu yenyewe: je, kama amesoma vibaya?

"Ya miguu arobaini," alimwambia muuza vipuri.

"Una hakika?"

"Sina. Nitumie hivyo hivyo."

Ijumaa namba sita ziliwaka kwenye skrini. Tano zilikaribiana. Ya sita, ya kona ya nyuma chini ya balbu ya kupashia joto, ilizidi kwa karibu digrii mbili. Akajiuliza: ni chipu, ni waya, au ni yeye? Akabadilishana vipimajoto viwili. Joto halikukifuata kipimajoto. Lilibaki kwenye kona ile ile. Aligeuza feni, likapungua kidogo, lisiishe.

Jumamosi shangazi alifika na trei zake. "Imepona?"

"Sijui, shangazi. Ila najua ilikokuwa ikikaangia baadhi ya mayai yako. Kona ile tusiweke kitu."

Shangazi alipanga mayai taratibu, akaiacha kona wazi, kisha akaitazama skrini. "Thelathini na saba nukta tano. Hiyo nukta ya nini?"

"Ndiyo niliyohangaikia wiki nzima."

"Na yai linaijua?"

Desimali aliisoma tena nukta ile kwenye skrini.

"Nadhani," alisema.

Shangazi akafunga mlango wa mashine.