Zamu ya Mwembesongo

Mwinjuma alikuwa mfungua maji wa manispaa, na mwaka ule wa ukame, bwawa la Mindu lilipopungua hadi watoto wakacheza mpira palipokuwa na maji, kazi hiyo ilimfanya ajulikane kuliko diwani. Kila asubuhi alipita na baiskeli, spana ndefu begani, akaifunga valvu ya mtaa mmoja na kuufungulia mwingine kwa zamu. Akisalimia, watu walimwitikia huku wakiitazama spana.

Zamani zamu ilikuwa na ubinadamu wake. Palipofiwa, Mwinjuma aliwafungulia wafiwa nje ya zamu, maiti aoshwe na waombolezaji wapikiwe, na hakuna mtaa ulionung'unika. Lakini maji yalipozidi kupungua, misiba nayo ikazidi kuongezeka. Kuna mtaa uliomlilia bibi mmoja mara mbili, na mara ya pili bibi mwenyewe alionekana sokoni akichagua dagaa. Ofisi ilikasirika, ikaagiza kwamba zamu ni zamu, iwe msiba iwe harusi.

Wa kwanza kukumbwa na agizo hilo alikuwa Yuliana wa Mwembesongo, mama aliyetoka Songea kumfuata mumewe kiwandani. Kiwanda kiliuzwa, mume akabaki bila kazi, kisha akafa. Yuliana alimfuata Mwinjuma kwenye chemba ya valvu, kanga ya msiba kiunoni, akamsihi afungue japo kidogo. Mwinjuma alikataa. Alimwona akiondoka na ndoo tupu.

Hazikupita siku nyingi, akafariki mjomba wake, Mzee Lukwele wa Kichangani. Kwa Waluguru, wanaorithi upande wa mama, mjomba si jamaa tu. Huyu ndiye aliyemlea, na ukoo ulishakubaliana kwamba Mwinjuma ndiye atakayerithi jina, aitwe Lukwele, asimamie mashamba ya ukoo kule mlimani. Alikuwa amelisubiri jina hilo tangu ujana. Na siku ya msiba, zamu ilikuwa ya Mwembesongo.

Mama yake mdogo, Chausiku, hakuzungusha maneno. Alimwambia maji yanahitajika, naye ndiye mwenye spana. Mwinjuma akasema atayaleta kwa baiskeli kutoka mtoni, dumu baada ya dumu, hata kama ni kutwa nzima, ila valvu hafungui.

"Mwanangu, mjomba wako amelala ndani, wewe unawapa maji watu wa kuja?"

"Mama, juzi nilimnyima mjane. Nikimfungulia mjomba, yule mjane nitakuwa nimemfanya nini?"

Chausiku aliingia ndani.

Mtoni alikwenda kweli, akapanda na kushuka mpaka madumu yakatosha, na Mzee Lukwele akaoshwa kwa maji ya tope yaliyochujwa kwa kanga. Haikusaidia kitu. Siku ya arobaini wazee walimpa jina mdogo wake Mwinjuma, Abasi, ambaye kazi yake inayojulikana ni kushinda stendi ya Msamvu akibishana habari za mpira. Walisema aliyemnyima mjomba maji hawezi kuilinda nyumba yake. Mwinjuma alikaa mkekani akapiga makofi pamoja na wengine. Ilimuuma, tena sana, na sioni sababu ya kuficha.

Zamu ya Mwembesongo iliporudi, alimkuta Yuliana kwenye foleni ya bomba. Tangu amnyime maji, mama huyo alikuwa hamsalimii. Safari hii alitua ndoo, akamfuata pale kwenye chemba.

"Nimesikia ya mjomba wako," alisema. "Pole."

"Asante, mama."

"Mimi siku zote nilidhani ulininyima kwa kuwa sisi si wa hapa."

Mwinjuma aliiweka spana chini. Alikaa juu ya mfuniko wa chemba, mtu mzima mbele za watu, akamlilia mjomba wake kwa mara ya kwanza, na Yuliana alisimama karibu naye mpaka alipomaliza.